Bunduki ya Marehemu Baba na Kigoda cha Nnalongo

Mpaka leo kuna watu wakinikuta njiani wananiuliza habari za kigoda, na mimi nacheka tu, lakini ndani kwa ndani nasikia haya mpaka masikio yanawaka. Haya, kaeni niwaambie ilivyokuwa, maana mnaoijua mnaijua nusu, na hiyo nusu yenyewe mmeitia chumvi.

Marehemu baba aliniachia bunduki. Si ya vita, jamani, ya kuwindia, ilikuja kwa meli kutoka Ulaya enzi za Mwingereza, mbao yake nyekundu inang'aa, leseni yake halali, na baba alipofariki leseni ikaandikwa jina langu, Sadiki. Tatizo lilikuwa moja. Baba alikuwa mrefu, na mimi (msicheke) nimemfuata mama. Nikiweka kitako begani, kidole hakifiki kwenye kifyatulio mpaka ninyooshe shingo na kusimamia vidole vya miguu. Jumapili tulikuwa tunakwenda shambani kwa mjomba kufukuza nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mihogo, na wenzangu wanaacha kazi wanakaa chini kunitazama, eti nguruwe wakimwona Sadiki na bunduki yake wanamwonea huruma.

Nikachoka kuchekwa. Ndipo nikaamua jambo dogo tu, dogo kabisa: nipunguze kitako. Nikatoka kwetu Mengo nikaenda Katwe, mtaa wa mafundi, kwa Kizito, fundi wa masanduku ya bati na vigoda (kila kazi anaijua, au tuseme hakuna kazi anayoikataa), nikamwonyesha pa kukata, akakata, akapiga msasa, akapaka vanishi, kwisha. Nilipoiweka begani nikajiona mwanamume kamili. Kile kipande kilichobaki sikukiulizia hata. Nani anaulizia kipande cha mbao?

Sasa, kwa wasiokumbuka, miaka ile ya utawala wa jeshi kila mwenye bunduki alitakiwa aipeleke polisi kila mwaka ikatazamwe. Polisi wanakagua bunduki asubuhi, halafu alasiri anakuja ofisa wa jeshi kuwakagua polisi. Mimi nikajipeleka mwenyewe, nimevaa kanzu nyeupe na koti juu, bunduki nimeifunga kwenye mkeka, natabasamu. Mezani alikuwepo sajini mmoja, mtu wa kaskazini, mpole wa sura na hana haraka. Akasoma namba, ikawa sawa. Akatoa utepe kama wa fundi cherehani, akapima. Akapima tena. Akainua macho.

"Karatasi nasema inchi arobaini na tano. Hapa iko arobaini na mbili. Tatu nakwenda wapi?"

Na mimi, kwa majivuno (Mola anisamehe), nikajibu, "Nimeikata, afande. Ilikuwa ndefu mno."

Aliyekuwa nyuma yangu akarudi nyuma, akaniachia nafasi ya kutosha kupita gari. Siku hizo mtu akisikia bunduki imekatwa anaelewa jambo moja tu, kwamba ni ya kufichwa ndani ya koti, na mimi ndiyo kwanza nimesimama pale na koti langu.

"Sikia," sajini akasema. "Leseni si ya wewe peke yake. Iko ya bunduki hii namna iko, namba yake, urefu yake, yote. Wewe nataka badilisha kitu, unaomba ruhusa kwanza, wanakuandikia, halafu unapeleka kwa fundi ya bunduki mwenye leseni yake. Nani alikata?"

"Kizito wa Katwe."

"Iko na leseni ya bunduki?"

"Anatengeneza masanduku, afande."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Sajini hakucheka. Akaniinamia, akashusha sauti: ofisa akija alasiri akikuta bunduki na karatasi haviendani, kesi si ya polisi tena, nitaondoka naye kwenye gari lake. Ndugu zangu, sote tulikuwa tunawajua watu waliopanda magari yale, na wengine hatujawaona mpaka leo. Tabasamu likanitoka.

"Twende tafuta ile kipande," akasema, akachukua kofia na ile bunduki. "Mimi nakwenda na wewe. Wewe napotea, gari napanda mimi."

Basi tukashuka Katwe kwa miguu, sajini na bunduki begani, mimi mbele, watu wanatupisha njia na kuninong'onea pole. Kizito alipotuona nusura aruke dirishani. Nikamwambia tunataka kile kipande tu.

"Kile? Ah, ssebo, bwana wangu, mbao nzuri vile mimi siwezi kutupa! Kigoda ya Nnalongo ilikuwa na mguu mfupi, nikapigilia pale."

Nnalongo ni mama wa mapacha, na yule wa Katwe alikuwa mama wa miraba minne anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kando ya barabara. Kwa Waganda mama wa mapacha si mtu wa kuambiwa hebu inuka hivi hivi. Alikuwa amekaa, gomesi lake, lile gauni pana la Kiganda, limefunika kigoda chote, huoni mguu hata mmoja. Sajini akasimama nyuma yangu. "Sema wewe," akaninong'oneza (hata yeye, na kofia ya serikali kichwani).

Nikapiga magoti ili nichungulie. Hapo ndipo nilipojimaliza. Maana kule wanawake ndio wanaopiga magoti kusalimia, na kanzu na koti ndiyo nguo ya kwenda kuchumbia, sasa fikirini nyinyi wenyewe, mwanamume kapiga magoti barabarani mbele ya mwanamke, kavaa hivyo, na polisi kasimama pembeni kama shahidi. Muuza nyanya wa upande wa pili akapiga kigelegele. Kufumba na kufumbua karakana zote zimenyamaza, mafundi wametoka na nyundo zao mkononi.

"Wewe Sadiki wa Mengo!" Nnalongo akafoka. "Iko na bibi nyumbani, mimi najua yeye, ananunua kwangu hapa! Wewe hapana haya?"

"Nnalongo, sikutaki wewe!" nikapiga kelele. "Nataka kigoda!"

Katwe nzima ikaangua kicheko, na yeye akazidi kuumia. "Hanitaki! Mimi nina ubaya gani?"

Machozi yakanitoka, wallahi, sikuona aibu tena. Nikamsogelea nikamwambia polepole kwamba chini ya kigoda chake kuna kipande cha bunduki yangu, na wanajeshi wakija alasiri wakakuta hakipo, watanichukua. Akanitazama. Hakuna nyumba iliyokuwa haielewi maneno yale. Akainuka, kabalagala zinaungua kwenye mafuta, akakipindua kigoda mwenyewe na kumwambia Kizito, "Ng'oa."

Kizito akaking'oa, akakipigilia kwenye kitako kwa misumari palepale barabarani, na matope yake na mafuta yake, hakuna muda wa msasa. Sajini akapima. Arobaini na tano! Watu wakapiga makofi, na sisi tukatoka mbio.

Ofisa alikuja kweli, jitu refu la kujaza mlango. Akapita bunduki moja moja, akafika kwenye yangu, akaiweka begani, ikamkaa sawasawa. "Bunduki nzuri," akasema. "Ya nani?" Moyoni nikaiaga, kwa sababu siku zile mtu wa namna ile akisifu gari lako jua umeshalikosa, na mwenye mali akibisha anafuatana nayo. Nikainua mkono. Ofisa akawa bado analenga ukutani, mara pua ikaanza kumcheza, akanusa, akaishusha. Begani kwenye magwanda yake kulikuwa na doa jeusi la mafuta la ukubwa wa sahani.

"Hii nini? Bunduki nanuka kabalagala!"

"Ndiyo, afande!" sajini akajibu, amekakamaa.

Ofisa akanitazama mimi nilivyo, akaitazama ile misumari, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Akanitupia bunduki kifuani. "Peleka takataka yako nyumbani." Alipocheka yeye ilibidi kituo kizima kicheke, na mimi nilicheka kuliko wote, machozi yanatiririka, na wala sikuwa naigiza.

Nnalongo nilimpelekea kigoda kipya kesho yake, nikakikabidhi nikiwa nimesimama wima. Na bunduki ile niliapa sitaigusa hata skrubu moja bila ruhusa ya serikali. Baadaye nikaona bora niiuze kabisa yaishe, nikarudi kwa sajini kumwuliza kama kuomba ruhusa ya kuuza nako kunahitaji ruhusa. Akafikiri sana, akaangalia mlangoni, akaniambia ningoje kwanza, atauliza kama anaruhusiwa kunijibu.