Kituo cha Nne Kiko Langoni Petu

Ijumaa Kuu ya mwaka huu nilikuwa nyumbani Muleba, na Njia ya Msalaba ilipita na vipaza sauti juu ya pikapu. Sina ugomvi na vipaza sauti. Ila msafara ulipokaribia lango letu, nilirudi moja kwa moja enzi za ujamaa, wakati sauti kubwa ya siku hiyo ilikuwa vibao viwili vya mti vinavyogonganishwa, kwa kuwa ngoma ya kanisa ilinyamazishwa tangu Alhamisi.

Kama ulikulia kwetu, utakumbuka njaa ya siku ile. Moto hauwashwi kabla ya saa tisa. Mvua ya masika inanyesha, migomba inadondosha maji, nasi watoto tunazunguka jiko baridi tukinusa sufuria ya jana. Bibi hakutuonea huruma. Alisema hata Bwana hakunywa chai siku hiyo.

Vituo vilikuwa kwenye malango ya watu, toka kanisani bondeni hadi kilimani. Mwanamume mwenye mji, mkuu wa kaya, aliupokea msalaba langoni kwake na kuubeba hadi lango la jirani. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, kilikuwa chetu, na babu ndiye aliyebeba. Alipofariki alimwacha bibi na binti mmoja tu, mama yangu. Mdogo wake babu, mwenye lango lililofuata, akaanza kutangaza kwamba mwaka huo atabeba yeye kwa niaba yetu. Kila mtu alielewa. Anayebeba kutoka langoni ndiye mwenye mji, na baada ya msalaba kingefuata kibanja chenyewe, migomba na kahawa yote iliyotulisha.

Bibi hakubishana naye. Alhamisi alinipeleka kukata nyasi laini, zile tunazotandika ndani wakija wageni, tukazitandaza kutoka barabarani hadi mlangoni. Asubuhi akavaa kitenge chake cha harusi na kusimama langoni.

Msalaba ulipofika, babu mdogo alisogea mbele. "Leteni kwangu," alisema. "Mji huu hauna mtu."

"Mimi ni nani?" bibi aliuliza.

Katekista alikuwa mtu mpole. "Ma, msalaba hubebwa na wanaume. Ndivyo tulivyoukuta utaratibu."

"Ta katekista, tazama kitabu chako. Hapa Yesu anakutana na nani?"

Katekista alitazama kitabu, ingawa sala zile alizijua kwa moyo. Mvua ilikilowesha.

"Na mama yake," alisema.

"Basi mama amekwisha kufika. Nipeni."

Wakampa. Ulikuwa mti wa msizi, mzito kweli, na njia ilikuwa tope tupu. Aliteleza mara moja, akapiga goti, akainuka kabla mtu hajamshika. Wanawake wakaanzisha wimbo kwa Kihaya na kumfuata, wengine wakilia. Mimi sikulia. Nilijaa fahari hadi njaa ikaniisha.

Alifika lango la babu mdogo akihema. Kituo cha tano, unakumbuka, ni Simoni wa Kirene anapomsaidia Yesu.

"Pokea, shemeji," bibi alisema. "Cha tano ni chako. Cha nne, mwenyewe umemwona."

Alipokea kwa mikono miwili, macho chini, mbele ya kijiji kizima. Habari ya kibanja haikutajwa tena. Jioni tulikula ndizi kwa maharage, bila nyama, na mpaka leo sijala chakula kitamu kama kile.

Vibao vile vya mti vimepotea. Nyasi za kutandika hakuna anayezikata, mnyauko umemaliza migomba mingi, na bibi amelala nyuma ya nyumba, katika udongo wake. Sauti yake ikiimba naitafuta kila Ijumaa Kuu na siipati.

Lakini mwaka huu pikapu ilisimama, na katekista, kijana ambaye hakuwahi kumjua bibi, akaita, "Kituo cha nne. Mama mwenye mji aje abebe."

Nilimuuliza kwa nini hapa anabeba mwanamke.

"Ndivyo tulivyoukuta utaratibu, Ma," alinijibu.

Nikavua viatu, nikapokea.