Karatasi Niliyoikunja Pembe

Ndugu zangu, leo nimekiri wizi wa nyumba, nikaishia kuchekwa.

Daktari ameshaniambia siku zangu si nyingi. Kwa hiyo asubuhi nilimwomba binti yangu anipeleke Msimbazi kwa Bi Somoe, mtani wangu wa Lindi.

Enzi za Ujamaa, serikali ilivunja bohari lake kuukuu pale Kariakoo, ikatujengea ghorofa sisi wafanyakazi wake.

Jamani, lilikuwa zuri! Bomba la maji ndani, roshani inayoingiza upepo.

Mwishowe ilibaki nyumba moja, nasi tuliokuwa hatujapata tulikuwa wawili: mimi na Bi Somoe. Ikapigwa kura kwenye kofia.

Karani alikuwa nani? Mimi. Karatasi iliyoandikwa NYUMBA niliikunja pembe, kisha nikaichomoa nikiwa nimefumba macho.

Tangu siku hiyo mnaniita Mzee Bahati.

Leo nimemweleza yote.

"Ile pembe niliiona," akasema akicheka.

"Mbona ulinyamaza?"

"Mkeo alikuwa na mapacha wachanga, mnalala ukumbini kwa watu. Mimi nilikuwa peke yangu. Ningesema, ungefukuzwa kazi."

Nikalia. (Ndiyo, nimelia.)

"Nisamehe, mtani."

"Nilishakusamehe zamani, mwizi wewe! Kinachoniudhi ni unavyoringia bahati kila harusi. Katangaze!"

Basi nimetangaza.

Jina jipya nipeni ninyi, maana alilonipa Bi Somoe haliandikiki hapa.

Nanyi mapacha wangu, mliokulia kwenye roshani ile, kesho nendeni Msimbazi mkamwamkie.