Baba Yangu Anaitikia "Marahaba" kwa Kila Kitu

Admin, nakuomba ufiche jina langu na shamba usilitaje, maana huku kila mtu anamjua kila mtu. Wakubwa wote wa ukurasa huu, shikamooni. Hiki ninachoandika sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa bwenini, na hata kanisani tukiambiwa tuungame kimoyomoyo mimi nakiruka.

Ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu shule ya bweni Tanga mjini. Sasa hivi niko likizo nyumbani, kambi ya shamba la mkonge upande wa Maramba. Babu alikuja hapa kutoka bara kukata mkonge, baba kazaliwa humu humu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Sauti yangu ni ndogo, tangu darasa la kwanza walimu wananiambia "paza sauti, kwani hujala?" Mtu pekee ambaye hakuwahi kuniambia nirudie ni baba. Zamani nilikuwa naweza kunong'ona jikoni, yeye yuko barazani, akanijibu.

Baba anafanya kazi kwenye korona. Si ule ugonjwa, ni mashine inayoponda majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Yeye ndiye anayeiwasha na kuizima. Ukisimama karibu nayo kifua kinatetemeka. Vya kuziba masikio viliwahi kuletwa, vikachakaa, havikuletwa vingine, baba akawa anachana sponji ya godoro anaziba nayo. Miaka ikaenda. Sasa ndugu zangu, baba hasikii, na mwenyewe hakubali. Amejitafutia ujanja: mtu akimsemesha asimsikie, anatabasamu na kusema "marahaba." Watoto wa kambini wameshamjua. Wanapita mlangoni, "Mzee, kaptula imechanika nyuma!" "Marahaba, wanangu!" Wanakimbia wanacheka, mimi naingia ndani nalia.

Yeye anasema ni nta. Kila jioni nampashia mafuta ya nazi, vuguvugu tu, analaza kichwa mapajani kwangu namdondoshea. "Naona leo linafunguka kidogo," anasema. Lakini shuleni tulisoma habari za sikio. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, mimi naandika huku natafsiri kichwani, kwamba vile vijinywele vya ndani vikishakufa kwa kelele havioti tena. Wenzangu walikuwa wanaulizana maana yake. Mimi nilielewa mara moja, nikafunga daftari.

Mwanzoni mwa likizo hii nilimpelekea baba chakula. Nimesimama nje ya banda, nikamwona Shaibu, kijana anayelisha majani kwenye mdomo wa mashine, shati lake limenaswa. Sauti yake ilinifikia hata mimi niliyekuwa nje, juu ya ule mngurumo wote: "Zima! Mzee, zima!" Baba alikuwa amempa mgongo, anapangusa jasho. Nikapiga kelele na mimi, lakini sauti yangu nimeshawaambia ilivyo. Mwenzao mmoja akakimbia akampiga baba begani, ndipo akazima. Vidole viwili vilikuwa vimeshakwenda. Msimamizi akasema kosa ni la Shaibu, kwa nini kavaa mikono mirefu. Ikaishia hapo.

Jumapili baada ya ibada baba akaniambia twende tukampe pole. Shaibu alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa. Akamwangalia baba, akasema taratibu, wala hakuwa na hasira, "Mzee, nilikuita mpaka koo likakauka."

Baba akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Chumba kizima kikanyamaza. Shaibu akageuka akaniangalia mimi, nikainamisha kichwa. Najua alielewa. Njiani baba akanishika mkono, "Mbona wote walinyamaza? Shaibu alisema nini?" Nikaweka mdomo sikioni kwake nikamwambia kwa sauti yangu yote, "Alikuamkia, baba." Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ndiyo, nilimsikia. Kijana ana adabu yule."

Huo ndio uongo wangu. Niliusema kwa kumwonea huruma, na sasa unanitafuna, kwa sababu kaka yangu Elia, aliyemaliza kidato cha nne, amepata kazi na Jumatatu anaanza. Nafasi yenyewe ni ya Shaibu. Baba anafurahi, jana alimwambia mama, "Atakuwa mbele yangu pale, akiniita tu nimesikia."

Nikimwambia msimamizi, baba ataachishwa, na nyumba hii ni ya shamba. Nikimwambia mama atapiga mayowe. Na baba mwenyewe nitamwambiaje? Siwezi kumnong'oneza tena. Nyumba zetu ni za mstari mmoja, jirani anasikia hata tukikoroga uji, na maneno ya kumvunja baba moyo hivi nitayasemaje kwa kupayuka? Mtasema nimwandikie. Nimeandika mara nyingi kwenye simu hii ya mama, nikisikia baba anakuja naigeuza kifudifudi, halafu nafuta.

Dada zangu, kaka zangu, mlio na wazazi wa kazi kama hizi, ninyi mngefanyaje? Ni bora baba anichukie, au ninyamaze nimwombee Elia? Niambieni ukweli, msinionee haya.

Nasikia ndala za baba uani. Siku hizi anatembea kwa kishindo, hajui kwamba anasikika kambi nzima. Anakuja kuwekewa mafuta. Natuma hivi hivi bila kusoma tena, na simu naiacha hapa mapajani, imetazama juu, mahali anapolaza kichwa.