Kiwiko Kizima cha Dorsey Tuttle

Dorsey Tuttle alikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika timu ya besiboli ya Kambare walimwita Babu. Jina hilo hakulipenda, lakini angefanya nini? Wenzake walikuwa vijana waliomaliza shule juzi, nyuso zimejaa chunusi, watu wa kula soseji sita usiku na asubuhi kukimbia kama hawakula kitu. Yeye akiamka, kazi ya kwanza ilikuwa kukunja na kukunjua kiwiko cha kulia, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Kiwiko hicho kilipasuliwa mwaka juzi. Kano lilikatika katikati ya mchezo. Alisikia kitu kikilia ta, akadhani ni gongo la mpigaji limevunjika. Daktari alitoa kano jingine katika paja lake mwenyewe, akalifunga kiwikoni, akamwambia asubiri. Akasubiri. Zaidi ya mwaka mzima alirusha mpira ukutani huko Alabama, nyuma ya mabanda ya kuku ya baba mkwe wake, na mzee akipita na ndoo alisema lile lile: "Kuku hawaulizi kiwiko cha mtu kikoje, mwanangu. Siku ukichoka, kazi ipo." Aliyasema kwa upendo, na hapo ndipo Dorsey alipotamani kuipiga teke ile ndoo.

Sasa amerudi uwanjani, ligi ile ile ndogo, mji ule ule wa Tolliver, na mpira haumtii. Kasi ipo. Njia ndiyo hakuna. Kazi ya mrushaji ni moja tu: apitishe mpira juu ya lile bamba jeupe, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, bila kumgusa. Mpigaji akiachia mipira mitatu mizuri ipite, ametoka. Mrushaji akikosa mara nne, mpigaji anapewa bure besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Akimgonga mwilini, vivyo hivyo. Dorsey aligawa besi kama mgombea anavyogawa kofia. Mpira mmoja ulimfuata mama aliyeketi nyuma ya wavu akimenya karanga zake za kuchemsha, na bila wavu tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Kocha Hargis, mtu wa kutafuna mbegu za alizeti kutwa nzima, alimwita pembeni.

"Jumapili wakubwa wanapunguza watu. Wanataka jina la mrushaji mmoja. Sitaki kulitaja lako, Tuttle, lakini nipe sababu."

"Kiwiko bado kinajizoeza, Kocha."

"Kinajizoeza tangu masika."

Basi ilikuwa hivyo. Jumapili asipokuwa amejiokoa, anamwaga unga, na safari hii ni mabanda ya kuku moja kwa moja, maana hakuna timu itakayomchukua Babu mwenye mkono ulioshonwa.

Ijumaa walicheza na Nyumbu wa Cordray. Siku moja kabla, Nyumbu walikuwa wamemgonga mbavu kijana mpendwa wa Kambare, yule anayetazamiwa kufika ligi kuu, na kila mtu aliona kwamba ni makusudi. Sasa besiboli ina sheria zilizoandikwa, na ina zile nyingine. Ukigongewa mtu wako, nawe unagonga wa kwao. Si kichwani, kichwani ni unyama. Mgongoni au pajani, mpira mmoja, yakaisha.

"Babu atapanda kurusha zamu ya saba," Kocha alisema chumbani. "Krebs wao akija kupiga, paja."

"Mbona mimi?" Dorsey aliuliza.

"Mwezi mzima unagonga watu bila kutumwa. Leo nakutuma."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Dorsey naye alicheka, shingo upande, na ndani aliungua. Mtu amepasuliwa, amelia chooni mke asisikie, amerusha mpira ukutani mpaka kuku wakamzoea, kumbe ni ili awe rungu la kulipizia kisasi! Lakini tusimfiche aibu yake: alipata pia nafuu kidogo. Hatimaye alikuwa amepewa kazi asiyoweza kuikosea.

Krebs alikuwa pande la mtu, na alijua kinachomngojea. Alisimama ubavu, akatoa paja, akatulia, kwa sababu wanaume wa mchezo huu hawakimbii. Yunior Peralta, mdakaji wa Kambare, alichuchumaa karibu na mguu wake. Dorsey hakukumbuka kiwiko wala Jumapili. Alilitazama paja, akarusha.

Mpira ulipita katikati ya bamba, wa kasi, ulionyooka, na Yunior aliudaka kwa bahati tu. Mwamuzi akautangaza mzuri. Dorsey alilenga tena. Ukapita pale pale.

Yunior alipanda kwenye kituta cha mrushaji, amefunika mdomo kwa glavu.

"Kaka, paja. Lile pale, kubwa kama gunia la mahindi."

"Nalenga hilo hilo."

"Sasa unalikosaje?"

"Ningejua, ningekuwa ligi hii?"

"Babu," Krebs aliita kutoka chini, "nigonge tumalize. Unanichosha kusubiri."

Wa tatu ulikata ukingo wa ndani wa bamba, mpira ambao warushaji huuota usiku. Krebs, aliyekuwa bado anangoja maumivu yake, aliambiwa ametoka. Yule mama wa karanga alisimama, na uwanja mzima ukasimama naye.

Dorsey alihisi kifua kinapanuka. Mipira mitatu! Tangu apasuliwe hakuwa amerusha mitatu mizuri mfululizo. Akageukia benchi lake. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mwenye mbavu zilizofungwa bendeji aliangalia viatu vyake. Kocha alitema maganda, akajipiga paja kwa kiganja: huyu anayefuata.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kelele za watu zilikuwa bado masikioni, na Dorsey akajisemea, potelea mbali paja. Akirusha tena mitatu kama ile, nani atathubutu kulitaja jina lake Jumapili? Akalitazama bamba, akalitaka kwa moyo wote. Akahisi kiwiko kinakakamaa, mkono unajichunga wenyewe. Mpira ukatoka, ukaenda kumpiga mpigaji aliyefuata katikati ya mgongo.

Benchi likalipuka kwa furaha. Mwamuzi, aliyekuwa ameonya timu zote mapema, akamtoa nje Dorsey na Kocha wake pamoja. Vijana walimpiga mgongoni akipita, "Babu! Babu!", na kijana wa mbavu akamkumbatia kwa mkono mmoja. Dorsey alitaka kuwatukana wote.

Chumbani walikuwa wawili tu. Kocha alikuwa anafungua kamba za viatu, uso umekunjuka.

"Afadhali. Nilidhani umenigeuka."

Angenyamaza, mambo yangemnyookea. Lakini hasira ilikuwa imemfika kooni.

"Yule wa mwisho sikumlenga, Kocha. Nililenga bamba. Krebs ndiye niliyemlenga paja. Mara zote tatu."

Kocha alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikamkatika.

"Kiwiko kiliuma?"

"Wakati gani?"

"Wakati wowote. Leo, jana, wiki iliyopita."

Dorsey alifikiri. Alifikiri sana, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Hapana."

"Basi ni kizima. Daktari alimaliza kazi yake zamani. Ukiacha kukilinda, kinarusha. Ukikilinda, unagonga watu." Kocha aliinuka, taulo begani. "Kesho utapanda tena. Ningekwambia ulenge wapi, lakini haki ya Mungu sijui."

Alipobaki peke yake, Dorsey alikifunga kiwiko kwa barafu, kwa mazoea tu, akampigia mkewe. Kila jioni Marlys aliuliza swali moja, na kila jioni yeye alijibu, "Kidogo." Neno hilo lilikuwa limewalaza usingizi wote wawili tangu kile kisu cha daktari: kosa lilikuwa la kiwiko, si lake.

"Mkono unauma?"

Maji ya barafu yalimchuruzika mpaka vidoleni.

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akamsikia Marlys akimwambia baba yake, na mzee akimshukuru Mungu kwa sauti kutoka jikoni.

"Sasa mbona sauti yako iko hivyo?" Marlys aliuliza.

"Kwa sababu hauumi, Marlys. Nimekwambia hauumi."