Mkwe Aliyelishwa kwa Mizani

Mwalimu mkuu alipofariki, mtaa mzima ulingoja kuona mjane wake ataanguka upande gani. Hakuanguka. Alifungua sanduku, akatoa stashahada ya lishe aliyoisomea kabla ya kuolewa, akainyoosha mikunjo kwa pasi ya vuguvugu, akaenda kuomba kazi katika jiko la wodi ya utafiti wa kisukari.

Wifi yake alishika kichwa. "Mke wa mwalimu mkuu kwenda kupikia watu! Ukoo utasemwaje?"

"Utasemwa unaamka mapema, wifi," alijibu, akajifunga kilemba.

Katika jiko lile hakuna kilichopita bila kupimwa. Wali, maharage, hata tone la mafuta. Chungwa lilimenywa kwanza, ndipo likapandishwa kwenye mizani. Wagonjwa walilazwa majuma kadhaa, wakatolewa damu kila asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, ili madaktari waone dawa mpya inaisaidiaje insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini. Chakula kikiyumba, hakuna wa kusema kilichobadilisha sukari ni dawa au ni sahani. Wauguzi wakambandika jina la Mama Mizani, naye akalivaa kama kidani.

Kisha akaletwa mgonjwa mpya, na Mama Mizani nusura aangushe sinia. Alikuwa mama mkwe wa binti yake. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya pili, na sukari iliyokuwa imezigomea dawa zote za kawaida. Harusi ya watoto wao ilikuwa haijapoa bado.

Mkwe aliitazama sahani, akainua macho. "Mkwe, hiki ni chakula au ni sampuli?"

"Ni chakula, mkwe. Karibu."

"Nikaribie wapi? Nikifumba macho nishukuru, nikiyafumbua kimekwisha!"

Vitanda vya jirani vikaangua kicheko. Mama Mizani alihisi uso unamwaka. Nyumbani kwake mkwe hupakuliwa mpaka azuie kwa mikono miwili. Jikoni upawa ulimwita, kijiko kimoja tu cha nyongeza, nani angeona? Aliurudisha upawa sufuriani.

"Nyumbani ningekujazia mpaka meza ilalamike," alimwambia mkwe. "Hapa uniwie radhi."

"Basi wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nipe hilo jembe nikalime viazi vyangu!"

Ikawa ndiyo desturi: sahani inafika, mkwe anaisema, wodi inacheka. Kisha siku moja akala kimya, akajifuta mdomo, akatabasamu.

"Leo huna neno, mkwe?"

"Nimezoea. Mtu mzima huzoea."

Mama Mizani alirudi jikoni na shaka. Tangu aanze kazi ile, hakuna aliyekuwa amekizoea chakula chake; wengine walikuwa wakimkumbuka kwa matusi matupu.

Asubuhi iliyofuata daktari alisoma majibu ya damu akakunja uso. "Sukari inapanda. Dawa haimshiki. Kesho namwongezea dozi."

Mama Mizani alijua maana yake. Kama sukari ile ilitoka pengine, siku mkwe atakapobaki na sahani ya mizani peke yake, dozi kubwa ingeiporomosha. Mtu huzimia kwa hilo, na si kila azimiaye huamka.

Alivuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mkwe, unakula nini?"

"Unachonipa."

"Na kingine?"

Mkwe aliangalia dirishani. Mama Mizani akapitisha mkono chini ya mto, akatoa kopo la biskuti. Kopo la bluu, kifuniko kimebonyea pembeni. Lilitoka katika kabati lake mwenyewe. Ndilo alilomfungashia binti yake siku aliyokwenda kwa mume.

"Usimlaumu mtoto," mkwe alinong'ona. "Nililia njaa mbele yake, huruma ikamshika. Nyamaza tu, mkwe. Nitaacha leo hii, kopo litarudi, yaishe. Sitaki mkaza mwanangu atiwe doa. Na wewe una kazi yako hapa."

Mama Mizani alilipakata kopo. Akilini aliwaona wauguzi wakinong'onezana. Alimwona wifi akipiga makofi: nilisema mimi! Jina la marehemu alilolibeba bila doa tangu mazishini, leo lichafuliwe na biskuti.

"Nikinyamaza dawa ikakuzidi," alisema, "nitamwambia nini mwanao? Kwamba nilikuua kwa heshima?"

Akainuka. Hakulificha kopo chini ya aproni. Alilibeba mkononi, mbele ya wodi nzima, mpaka mezani kwa daktari.

"Hili limetoka nyumbani kwangu. Binti yangu ndiye aliyemletea mkwewe. Usiongeze dozi."

Daktari alilitazama kopo, kisha akamtazama yeye. "Ungeweza kulitupa."

"Ningeweza."

"Siku zote hizi hazifai tena. Itabidi aanze upya, au atoke kwenye utafiti."

"Ataanza upya!" ilisema sauti mlangoni. Mkwe alikuwa amemfuata, kandambili mguu mmoja tu. "Ila mtoto asizuiwe kuja kuniona. Mpekueni mlangoni, nami nitacheka."

Binti alikuja macho yamevimba. Mama yake alimfuta machozi kwa pindo la kilemba. "Kosa lako ni la mwenye moyo, lakini ni kosa. Kamwombe radhi daktari, halafu uketi hapa umsikilize mkweo akilalamika. Kulalamika kwake ndiyo dalili njema."

Akalalamika kweli, na sukari ikateremka taratibu kwa dozi ileile ya mwanzo.

Mkwe aliporudi kwake, ndugu wa pande zote mbili walikwenda kumpa pole. Mchokozi mmoja akauliza, "Eti mkwe wako alikunyima chakula?"

"Kuninyima? Viazi hupimwa kwa gunia, bwana. Kinachopimwa chembe kwa chembe ni dhahabu. Mimi ndivyo nilivyolishwa."

Pembeni, wifi alijinyoosha kitini, akahakikisha kila mtu anamsikia.

"Huyo mnayemsema," alisema, "ni mke wa kaka yangu."