Macho Mekundu ya Wagdi

Wagdi, fundi wa kuchonga samani hapa kwetu Dumyat, alikuwa na mikono ya kuonewa wivu na macho mekundu kama ya mtu aliyekesha kilioni. Alikuwa amemvisha pete Nahla, binti wa kaka yangu Mitwali, na kwetu mposaji huulizwa habari zake mpaka siku ndoa inaandikwa. Kaka akanituma mimi. Anaujua ulimi wangu.

Nilianza kwa muuza maharage aliye mkabala na karakana.

"Kijana ni mpole, Bi Insaf," akasema. "Lakini macho yale... siongezi neno."

"Ongeza bwana, si umeshaanza!"

"Kila mara anajifungia chooni. Akitoka, anajifuta uso. Changanya na zako."

Bangi! Wala sikushangaa sana; lisemwalo lipo. Kila alipokuja nyumbani alikaa akilipa dirisha mgongo, na taa ikiwashwa alifinya macho. Mtu msafi anaogopea nini mwanga?

Nikaenda kumvizia karakanani, mlangoni mwa choo. Mafundi walinicheka mpaka wakaweka patasi chini, sikuwajali. Alipotoka, nikamkamata mkono aliokuwa ameukunja ngumi.

"Fungua."

"Shangazi, nakuomba..."

"Shangazi yako nani? Fungua!"

Ndani ya ngumi mlikuwa na kichupa cha dawa ya matone.

Akaketi juu ya mbao, akasema yote. Tangu utotoni hakuona mbali, na miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha bilauri. Kabla ya kuja kuposa, alimsikia Mitwali akijigamba kwenye harusi ya watu kwamba binti yake hamwozi mwenye miwani, asije akapata wajukuu wa kupapasa kuta. Kaka yangu kweli hana breki mdomoni. Basi Wagdi akaenda kwa daktari, akapasuliwa na kuwekewa lenzi ndani kabisa ya macho. Akaona vizuri, lakini huko ndani kukawaka uvimbe usiokoma. Huu ulikuwa mwaka wa pili akituliza kwa matone, na daktari alishamwambia lenzi zitolewe kabla macho hayajaharibika kabisa.

"Zikitolewa, narudi kwenye miwani," akasema.

"Sasa unangoja nini?"

"Harusi."

Nilimwonea huruma, na hapohapo nikazidi kumshuku. Anayekubali macho yake yaungue ili asijulikane, atatuficha nini kingine tukishampa mtoto wetu?

Jioni nikawaeleza nyumbani. Mitwali akashusha pumzi.

"Kumbe si bangi! Alhamdulillahi. Miwani tutaivumilia."

"Uivumilie wewe uliyeisema!" nikamwambia.

Nahla alikuwa akichambua mlenda. Akaweka kisu chini.

"Bangi ningemwachisha, baba. Huyu alipanga nimjue nikishakuwa mkewe, hata kama ameshapofuka, namshika mkono kumvusha barabara."

"Mwanangu, usiwe na haraka," nikasema, mimi niliyemchimba kijana wa watu.

Alikuwa akilia. Alizungusha pete ikakataa kutoka, akaipaka sabuni, ikatoka. Akaniwekea kiganjani, bado ina povu.

"Mpelekee, shangazi. Mwambie kesho akatoe hizo lenzi. Hana tena harusi ya kungoja."