Aya ya Watumwa na Swali la Rehema

Chuo chetu cha Kurani mjini Busia kilinuka dagaa. Nyuma ya ukuta wa mabati palikuwa na ghala la samaki wakavu waliongoja kuvushwa kwenda upande wa Kenya, na jua lilipokuwa kali harufu ile iliingia hadi kwenye nguo, tukarudi nayo nyumbani. Tuliketi mikekani, wavulana huku, wasichana kule, kila mmoja akipaza sauti na aya yake. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa miaka miwili hakuna msichana aliyenishinda kusoma. Mgeni alipokuja, Maalim Twaha alininyooshea kidole mimi, nami nikasoma huku nimeinua kidevu.

Ndipo akaja Rehema. Baba yake alikuwa dereva wa lori la baba yangu. Ilikuwa miaka ile ya serikali ya wanajeshi, na asubuhi moja, kwenye kizuizi cha barabara ya Tororo, wanaume watatu walimteremsha wakamwingiza kwenye gari lao, asionekane tena. Rehema alikuwa kando yake ndani ya lori, akaona yote. Mama yake alikwisha kufariki zamani, kwa hiyo baba yangu akamleta kwetu, na gauni lake moja la kijani. Nilipaswa kumwonea huruma. Badala yake nikawa namhesabia alivyoninyang'anya. Kwanza ilikuwa nafasi yangu kitandani kwa Bibi, mama mzazi wa baba, niliyelala naye tangu niachishwe ziwa. Halafu mafuta ya nazi, ambayo Bibi alikuwa akinipaka mimi tu. Nikiosha vyombo uani niliwasikia wawili hao wakicheka chumbani, na mikono yangu ikawa mizito majini. Mwisho akanichukulia chuo. Alipofungua kinywa kusoma, hata wavulana walinyamaza, na Maalim akasahau kidole chake kilikuwa kikinyooka wapi.

Siku moja nikamsikia jirani akimwambia mama kwamba babu yake Rehema aliletwa na misafara ya zamani, amefungwa kamba shingoni. Neno hilo nililitunza wiki nzima kama peremende. Kisha Maalim akafika kwenye aya zinazosifu kumwacha huru mtumwa, akamwita Rehema azisome. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Anazijua vizuri huyo. Si mjukuu wa mtumwa?"

Watoto wakacheka. Rehema hakulia. Alimgeukia Maalim, akauliza, "Maalim, kama kumwacha huru ni jambo jema hivyo, mbona Mungu hakukataza tu asinunuliwe?"

Zama zile swali lilikuwa kitu cha hatari, hata la mtoto. Maalim alitazama mlangoni kwanza. Akasema Mungu alifungua mlango, watu ndio hawakutaka kutoka wala kuwatoa wenzao. Rehema akatikisa kichwa. "Mmoja wa waliomchukua baba nilimwona Ijumaa msikitini. Anaswali." Maalim akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu," akasema, "hilo swali ninalo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Sijapata kulijibu likanitosha." Wengine waliona aibu yangu. Mimi nilichoona ni kwamba, kwa miaka yote niliyosoma mbele yake, hakuwahi kunijibu hivyo, kama mtu mzima.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Bibi alituita sote wawili, akatukalisha uani. "Umemwita mjukuu wa mtumwa," akaniambia. "Na wewe je? Mimi nalinunuliwa Mumias, sijang'oka meno ya utoto. Babu yako aliniandikia uhuru nikiwa msichana, kisha akanioa. Watu wakasahau, na mimi nikawaacha wasahau." Nilitaka ardhi ipasuke. Rehema ndiye aliyeuliza, "Na unaswalije, Bibi?" Bibi alimshika mkono, yeye, si mimi. "Kitabu hakikuninunua. Alininunua mtu anayekisoma. Nikiinama, simwinamii yeye. Namwambia Mungu, wewe uliona. Siku zingine nainuka bado nimekasirika, na kesho narudi tena." Niliomba msamaha, nikasamehewa, lakini jioni ile bado nilikuwa nauangalia ule mkono ulioshikwa.

Leo mimi ni bibi mwenyewe, na serikali ile imebaki hadithi kwa wajukuu. Baba yake Rehema hakurudi. Rehema anafundisha wanawake Kurani mjini Tororo, na mwaka jana nilimtembelea, nikaketi nyuma kabisa. Alipofika kwenye aya zile, msichana mmoja akauliza swali lilelile. Rehema alikiri hajui, kisha akawasimulia habari za Bibi, na jinsi alivyoswali miaka yote hiyo akiwa na hasira na imani pamoja. Siku hizi hakuna anayetazama mlangoni kabla ya kujibu. Halafu akataja jina ambalo Bibi alipewa na mama yake kabla ya kununuliwa. Mimi, damu yake, sikuwahi kulisikia. Wivu ulinipanda upya, katika umri huu. Nikainua mkono kama mwanafunzi, nikamwomba alirudie. Akalitaja polepole. Nikalijaribu, nikalikosea mbele ya wote, na Rehema akanisahihisha.